Mnandi au mbizi?

Ndugu, huyo ndege mweusi uliyemwona bwawani Nairobi National Park, amesimama kwenye gogo na mabawa ametandaza, ni mnandi au mbizi. Kuanika mabawa hakukusaidii kuwatofautisha, wote hufanya hivyo kwa sababu manyoya yao hulowa, na kulowa huko ndiko kunakowarahisishia kuzama. Angalia mdomo. Wa mnandi umepinda nchani kama ndoana. Wa mbizi umenyooka na kuchongoka, maana yeye humdunga samaki, kisha humrusha juu na kummeza akianzia kichwani. Akiogelea, mwili wote uko chini ya maji, shingo peke yake ndiyo unaiona ikipindapinda. Waingereza nao humwita ndege-nyoka, na kwa kweli hawakukosea.

Hako "kabata kanakopotea ghafla" ulikotaja si bata, ni kibisi. Miguu yake iko nyuma kabisa, kwa hiyo majini ni hodari, nchi kavu anajikokota tu. Akiwa na vifaranga huwabeba mgongoni.

Kuhusu kama mnandi ni ndege wa bahari: jina lake la Kizungu, "cormorant", lina asili ya Kilatini, "kunguru wa baharini", lakini nenda Naivasha au Kisumu utamkuta tele kwenye maji baridi. Shakwe pia, watu hudhani ni wa Mombasa tu, kumbe hata ziwani Victoria wapo.