Mita Kumi za Mwisho Si za Simu

Mhariri, swali lenu la wiki iliyopita lilituuliza wasomaji ni mwisho upi wa wiki tuliotoka nyumbani tukarudi tukiwa tumepaona kwa macho mapya mahali tulipopazoea. Swali hilo limenikuta nikiwa bado nakung'uta mchanga wa Katonga, ufukoni mwa Ziwa Tanganyika, kwenye mikunjo ya hema la kukodi, kwa hiyo sikulazimika kulitafuta jibu mbali.

Nimezaliwa Ujiji na nimefanya kazi Kigoma mjini kwa miaka mingi, na kama wenzangu wengi wa huku mwisho wa reli, ufuko kwangu ulikuwa mahali pa kupeleka wageni, wala si mahali pa kwenda mwenyewe. Mwezi uliopita mpwa wangu, anayesomea upimaji wa ardhi, alitushawishi tupige kambi siku mbili upande wa Katonga, familia mbili zenye jumla ya watu tisa, akituahidi kwamba atatuchezesha jiokashi. Jina hilo ni la Kiingereza, geocaching, ingawa sikio la Mswahili haliachi kusikia neno "kasha" ndani yake, na kwa bahati nzuri mchezo wenyewe ni wa makasha kweli: mtu huficha kikasha chenye daftari na vitu vidogo vidogo, hutangaza latitudo na longitudo ya mahali kilipo, na wengine hukitafuta kwa simu au kifaa cha GPS, yaani kinachopokea mawimbi ya setilaiti na kuonyesha mahali ulipo. Anayekiona huandika jina lake daftarini, na akipenda huchukua kitu kimoja na kuacha kingine chenye thamani inayolingana, kisha hukirudisha kikasha palepale alipokikuta.

Mchezo huu una siku yake ya kuzaliwa. Hadi kuanza kwa Mei 2000, serikali ya Marekani ilikuwa ikiyavuruga kwa makusudi mawimbi ya GPS yanayopokewa na raia, kiasi kwamba kifaa kiliweza kukosea kwa mita 100 hivi. Rais Bill Clinton alipoagiza uvurugaji huo ukome, haikupita hata wiki: tarehe 3 Mei, Dave Ulmer alificha ndoo karibu na Beavercreek, katika jimbo la Oregon, akatangaza kwenye intaneti mahali ilipo ili watu waone kama sasa wanaweza kuifikia. Ndani ya ndoo hiyo mlikuwa na daftari, penseli, vitabu, manati na kopo la maharage. Kopo hilo nitalirudia, maana sisi nasi tulitia chakula chetu kikashani.

Vikasha hupewa alama mbili, moja ya ugumu wa fumbo na nyingine ya ugumu wa njia, kila moja kuanzia 1 hadi 5. Kikasha cha kwanza cha mpwa wangu kilikuwa cha alama 1 kwa 1, cha kuwaanzishia watoto, lakini shemeji yangu, mwenye simu ya bei kubwa kuliko zetu zote, hakukifikia. Aliingiza latitudo bila kuweka alama ya kutoa mbele yake, na simu ikamjulisha kwamba kikasha kiko mbali naye zaidi ya kilomita 1,000. Kigoma iko karibu digrii 5 kusini mwa Ikweta, na anayesahau alama hiyo hurushwa digrii 5 kaskazini mwake, yaani ndani ya Sudan Kusini. Siku nzima hatukuacha kumuuliza hali ya hewa ya huko.

Fumbo la pili lilihusu meli ya Liemba, ambayo kila mtu wa Kigoma hujiona anaijua. Karatasi ilisema: "Chukua mwaka nilioanza safari kwa jina langu la sasa, utoe mwaka niliozamishwa na walionileta, zidisha kwa kumi, upate tarakimu tatu za mwisho za latitudo." Kaka yangu, ambaye aliwahi kufanya kazi bandarini, hakutaka kumsikiliza mtu. Alijua kwamba Wajerumani waliizamisha wenyewe Julai 1916 ili isiangukie mikononi mwa adui, na alijua kwamba Waingereza waliiibua 1924, akaona yamekwisha, akapata 80. Lakini kuibuliwa si kusafiri, kwani meli ile ilirudi kazini mwaka 1927, na jibu lilikuwa 110. Tarakimu hizo tatu huhesabu sehemu za elfu za dakika ya latitudo (digrii moja ina dakika 60), na kila sehemu ni mita 1.85 hivi ardhini, kwa hiyo ile miaka mitatu aliyoidharau ilimpeleka mita 55 kaskazini, ambako ni maji matupu. Alisimama ukingoni na suruali ameikunja hadi magotini, akisisitiza kwamba simu ndiyo mbovu.

Waliopata jibu sahihi nao walikuwa bado hawajafika, na hapa ndipo lilipo jibu langu kwa swali lenu. Simu nzuri ikiwa chini ya anga wazi hukufikisha ndani ya mita tano hivi, lakini chini ya miti na kando ya miamba hukosea zaidi, kwa sababu mawimbi ya setilaiti huzuiwa au hugonga mwamba kabla ya kuifikia. Chini ya mwembe tulikoelekezwa na jibu hilo simu ilisoma mita 4, kisha 9, kisha 6, ilhali sisi tumesimama tu. Wakubwa wote tulikuwa tumeinamia vioo vya simu. Binti yangu wa miaka 11, asiye na simu, alichuchumaa kwenye mizizi, akatazama mawe moja baada ya jingine, akanyoosha kidole kwenye jiwe lenye ukubwa wa tofali nusu. "Hili lina udongo juu," alisema, "mengine yana udongo chini." Lilikuwa limegeuzwa, na kikasha kilikuwa nyuma yake, kimesukumwa kwenye upenyo wa mzizi bila ardhi kuchimbwa, kwa kuwa kanuni za mchezo hazikubali kufukia.

Fumbo lililonikaa zaidi lilikuwa la usiku. Tuliagizwa tuhesabu taa za mitumbwi ya dagaa zitakazoonekana ziwani saa nne, na idadi hiyo ndiyo iwe tarakimu iliyokosekana. Watoto walikaa mchangani wamejifunika mashuka, wakangoja hadi saa nne, hadi saa tano, na ziwa likabaki jeupe kwa mbalamwezi bila hata taa moja. Nilidhani mpwa wangu amekosea hesabu zake. Asubuhi watoto walimuuliza mzee mmoja aliyekuwa akishona wavu, naye akawashangaa: dagaa hufuata taa pale tu penye giza, na mwezi ukiwa mpevu mwanga wake hutawanyika kote, taa ya mvuvi isiwe na nguvu ya kuwakusanya, kwa hiyo siku hizo watu hupumzika na kutengeneza zana. Jibu lilikuwa sifuri. Nimekula dagaa wa Kigoma maisha yangu yote, nimenung'unikia bei yao inapopanda sokoni Mwanga, na sikuwahi kukaa nikafikiri kwamba mwezi nao umo katika bei hiyo.

Yalikuwapo pia ambayo hatukuyafanya vizuri. Mke wangu alitia kashata za karanga katika kikasha cha tatu, akiwahurumia watakaokifikia na njaa, na tulipokifungua sisimizi walikuwa wameandika majina yao kabla yetu. Siku hizi wachezaji wamekatazwa kuweka chakula cha aina yoyote, hata cha kopo kama kile cha Ulmer, kwa kuwa huvuta wadudu na wanyama. Kosa la pili lilikuwa kubwa zaidi. Mpwa wangu alikuwa amekizungushia kikasha kimoja kitambaa chekundu ili kisipotee, na mama mmoja aliyekuwa akianika dagaa jirani na hapo alipokiona alirudi nyuma akawaita wenzake. Kopo lililofichwa chini ya mti, limefungwa nguo nyekundu, ndani mna shanga na karatasi yenye tarakimu: nani angemlaumu? Mwenyekiti wa mtaa, ambaye tulikuwa tumemwomba ruhusa tangu Ijumaa, alikuja na kulifungua mbele ya watu, akacheka, kisha akatuagiza tuondoe kitambaa na tuandike juu ya kopo, kwa Kiswahili na kwa herufi kubwa, kwamba huu ni mchezo, pamoja na namba ya simu. Naona agizo lake ni la kufuatwa na yeyote anayetaka kujaribu, na bila ruhusa asifiche kitu karibu na bandari, stesheni wala ndani ya hifadhi.

Atakayejaribu apakue ramani akiwa bado mjini, kwa sababu GPS haihitaji intaneti lakini ramani huihitaji, na abebe betri ya akiba.

Kikasha cha mwembe tulikiacha kwa idhini ya mwenyekiti. Jumapili iliyopita mpwa wangu alikwenda kukikagua, akakuta chini ya majina yetu mstari ulioandikwa kwa penseli na mtu tusiyemjua: "Nimeliona. Nimechukua kifutio, nimeacha ndoana." Ndoana yenyewe ilikuwa imechomekwa kwenye kizibo ili isimchome mtu. Kijana alinipigia simu akilalamika kwamba vitu vyenye ncha haviruhusiwi kikashani. Nilimwambia aiache.