Oksijeni imeshuka, mapafu mazima: piga hesabu ya pengo

Umeuliza inakuwaje mgonjwa aliyezidishiwa mofini (dawa ya maumivu inayopunguza kupumua) awe na oksijeni ya chini kwenye damu, halafu jibu sahihi la mtihani liseme mapafu yake ni mazima. Piga hesabu ya pengo kati ya oksijeni ya vifuko vya hewa vya mapafu na ile ya damu ya ateri, usikariri.

Kanieneo ya hewa usawa wa bahari ni 760 mmHg. Toa 47 za mvuke wa maji, zidisha kwa 0.21, sehemu ya oksijeni hewani: unapata 150. Kisha toa kaboni dioksidi ya ateri ukishaigawa kwa 0.8, uwiano wa kaboni dioksidi inayotolewa kwa oksijeni inayotumika mwilini. Mgonjwa wako ana 80, kwa hiyo 150 − 100 = 50 ndani ya vifuko vya hewa. Oksijeni yake ya ateri ni 45. Pengo ni 5 tu: hapumui vya kutosha, basi. Sasa mlinganishe na wa nimonia, kaboni dioksidi 32, oksijeni 60. 150 − 40 = 110, pengo 50. Huyu ndiye mwenye mapafu mabovu.

Wengi huanguka kwa kusahau zile 47, au kwa kung'ang'ania 0.21 wakati mgonjwa amevalishwa maski ya oksijeni. Na swali likitaja Nairobi, 760 haifai. Kule ni kama 625, hivyo ile 150 inashuka hadi 121.

Kukadiria pengo la kawaida, gawa umri kwa 4, ongeza 4. Likizidi sana, na oksijeni ya asilimia 100 haisaidii vya kutosha, fikiria shanti: damu inapita bila kukutana na hewa.