Mayai mapya yapikwe kwa mvuke

Anayefuga kuku wake mwenyewe anaujua usumbufu huu: yai lililotagwa jana linaiva vizuri, lakini likimenywa, ute hung'oka vipande vipande pamoja na ganda. Nyumbani kwetu hapa Mwanza tuliacha zamani kutumbukiza mayai ya aina hiyo majini. Tunayapika kwa mvuke, na ninamshauri mwenye kero hiyo afanye hivyo.

Yai linapotagwa, ute wake una hewa ya kaboni dioksidi, ambayo hutoka polepole kupitia vitundu vya ganda visivyoonekana kwa macho. Kadiri hewa hiyo inavyopungua ndivyo asidi ya ute inavyopungua, na ute ulioiva hauushikilii tena sana utando wa ndani ya ganda. Ndiyo maana mayai ya trei yaliyokaa dukani wiki nzima humenyeka kirahisi kuliko yale yaliyookotwa asubuhi. Mvuke hauwezi kulizeesha yai, ila joto lake la ghafla huugandisha ute wa nje upesi, kabla haujapata nafasi ya kushikamana na utando, jambo ambalo haliwezekani yai likianzia kwenye maji baridi. Ni kweli kwamba maji yanayochemka nayo yana joto la ghafla, lakini humo mayai hugongana na kupasuka.

Chukua sufuria yenye mfuniko unaobana, tia maji ya kimo cha sentimita 2 hivi, kisha weka ndani yake chujio la chuma ambalo kitako chake hakigusi maji. Asiye na chujio apange vikonyo vya majani ya mgomba vikipishana, mayai yakae juu yake. Subiri mvuke uanze kutoka kwa nguvu pembeni mwa mfuniko ndipo upange mayai kwa kijiko, ufunike, na uanze kuhesabu dakika. Maji machache huchemka upesi, na kwa bei ya mkaa na gesi hilo si jambo dogo.

Kuhusu muda, watu wa kandokando ya ziwa tuna hesabu yetu. Ziwa Victoria liko mita zipatazo 1,134 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo maji huku huchemka kwenye nyuzi 96 hivi badala ya 100, na mvuke wake ni wa joto hilohilo. Maelekezo yaliyoandikwa kwa mpishi wa Dar es Salaam yatakuachia yai bichi kidogo. Kwa yai la kisasa la ukubwa wa kawaida mimi hutumia dakika 7 nikitaka kiini laini na 13 nikitaka kiini kikavu, na yai la kienyeji, ambalo ni dogo, hulipunguzia dakika moja. Ukizidisha sana, kiini huzungukwa na rangi ya kijani iliyofifia, kwa sababu salfa ya ute imekutana na madini ya chuma yaliyomo kwenye kiini. Rangi hiyo haidhuru, lakini yai huwa kavu na lenye harufu.

Ukifunua, elekeza mfuniko upande usio na uso wako, kwani mvuke huunguza vibaya. Yatie mayai kwenye maji baridi mara moja, na uyabadilishe yakipata joto, maana maji yetu ya bomba si baridi kiasi hicho. Kumenya uanzie upande mnene, penye nafasi ya hewa: ligonge taratibu, ingiza kidole gumba chini ya utando wenyewe, si chini ya ganda tu, na ganda litatoka kwa mapande makubwa. Yatakayobaki yaachwe na maganda yake na yawekwe kwenye friji, ambamo hukaa hadi wiki moja. Pasipo na friji, pika yale yatakayoliwa papo hapo na kachumbari yake.