"Hakinolewi maisha": kisu cha kuchunia na maneno ya wauzaji

SWALI: Fundi habari ya kazi. Nimepata kibali cha kuwinda juzi juzi, nataka kisu kimoja tu cha kupasulia na kuchunia, wanyama wa saizi ya swala na nguruwe pori. Nimeona kimoja bapa lake sentimita 20, ubavuni kina michoro ya mawimbi mawimbi, mgongoni kina meno ya msumeno. Muuzaji anasema ugumu wake ni Rockwell 64 na hakinolewi maisha. Nichukue au niongeze hela?

JIBU: Mkuu usichukue, na hela usiongeze, ikiwezekana punguza.

Sentimita 20 ni ya kukatia nyama ikishafika mezani. Ukiwa unatumbua, mkono wote uko ndani ya mnyama, damu mpaka kwenye kiwiko, unapapasa kutafuta koromeo ulikate na huoni kitu. Kisu cha sentimita 9 au 10 kidole cha shahada kinalala mgongoni kinafika karibu na ncha, kwa hiyo unajua ncha iko wapi hata kama huioni. Kikiwa kirefu ncha inatangulia yenyewe, inatoboa utumbo au kibofu, nyama ushaichafua. Na hayo meno ya msumeno yako palepale kidole kinapotakiwa kulala, sijui nani aliyabuni. Tafuta ambacho mgongo unashuka taratibu kuelekea ncha na makali yana tumbo kidogo mbele, yaani yamejipinda, maana kuchuna ni kazi ya lile tumbo. Kisiwe cha kukunja, mafuta na damu vinaingia kwenye bawaba na huvitoi. Chuma kipite ndani ya mpini mpaka mwisho, mpini usiteleze ukilowa, ukipata wa rangi ya chungwa bora zaidi, visu vingi vinabaki kwenye majani.

Sasa hili la "hakinolewi maisha", hili ndo linanichosha, kila wiki nalisikia. Hakuna chuma kinachokata kisichochakaa. Ugumu ukipanda makali yanakaa zaidi, sawa, lakini vyuma vingi vikifika 64 vinaanza kumeguka, ukikwaruza mfupa tu unakuta pengo, na kukinoa huko porini na kijiwe cha mfukoni utalala nacho. Mimi natumia 57 mpaka 60 na sijawahi kujuta. Halafu muulize huyo muuzaji 64 kaipimia wapi, maana kipimo kile ni mashine inayokandamiza koni ya almasi kwenye chuma, sio jicho. Mawimbi nayo angalia mgongoni, ya kweli, yale ya tabaka za chuma zilizofuliwa pamoja, utaona mistari imeendelea mpaka huko, ya kuchorwa kwa asidi yanaishia ubavuni.

Na watu hawajiulizi kisu kinaua makali na nini. Nyama haina shida, shida ni manyoya, kwa sababu yamejaa udongo na punje ya mchanga ni ngumu kuliko chuma cha hicho kisu chako, hata kama kweli ni 64. Kwa hiyo toboa tundu dogo, geuza makali yaangalie juu, ingiza vidole viwili chini ya ngozi uiinue kisha peleka kisu katikati yao, ukate ngozi kutokea ndani. Manyoya yanajigawa yenyewe, hukati hata moja. Anayekata kutoka juu anamaliza makali kabla hajafika kwenye mapaja halafu anakuja kulaumu kisu. Miguu nayo ikatie kwenye viungo, mfupa usiupige.

Nunua jiwe la pande mbili, wa punje kubwa 400 na wa punje laini 1000, kisu ukiinamishe pembe ya nyuzi kama 20 kila upande, noa mpaka ukipapasa upande wa pili uhisi kinyuzi cha chuma kinakwaruza kidole, hapo geuza. Malizia kwenye mkanda wa ngozi. Kama ni chuma cha kaboni kioshe na ukikaushe siku hiyohiyo maana damu ina chumvi, na usikilaze kwenye ala yenye unyevu. Stenlesi inavumilia zaidi ila nayo sio ruhusa ya uvivu.

Ila nakuomba usimpe mtu wa grenda. Hao ndo ndugu zake "hakinolewi", huyu kakudanganya hutanoa kwa hiyo hujajifunza, siku kisu kikibutuka unakimbilia kwa yule mwenye jiwe kavu linalorusha cheche, dakika mbili kashamaliza, kinanyoa nywele za mkono na wewe unafurahi. Huoni ule mstari wa bluu kwenye ukingo. Bluu maana yake chuma kimefika kama nyuzi joto 300, na vyuma vingi vya kaboni vya visu ugumu wao ulimaliziwa karibu na 200, kwa hiyo pale kimelainika na hakikai tena makali.

Wiki iliyopita nimeletewa kimoja cha hivyo, kisu kizuri tu, nikapitisha tupa, ukingoni inang'ata maana chuma kimelainika, ukisogea milimita tano nyuma inateleza kama kwenye kioo, huko bado kigumu. Mwenyewe akaniuliza hakuna dawa ya kupaka kikarudi? Nimekisaga kwa maji, taratibu, nusu siku nzima, amebaki na bapa jembamba kama la kumenyea viazi.