Unajaribu meseji mbili? Gawa wateja kwa kura ya kweli

Watu wengi wa kampeni za imeili na esemesi wanachukua listi, wanaikata katikati, nusu ya juu kundi A nusu ya chini kundi B, halafu wanasema wamegawa bila upendeleo. Hapana jamani. Listi nyingi zinatoka kwenye sistimu zikiwa zimepangwa kwa tarehe ya kujiandikisha, kwa hiyo wateja wa zamani wamekaa upande mmoja na wapya upande mwingine, B ikishinda utajuaje kama ni meseji au ni watu wenyewe? Kugawa kwa herufi ya jina nako ni yaleyale.

Mimi nachukua ID ya mteja, naiunganisha na jina la jaribio, napitisha kwenye heshi (fomula ya kompyuta inayogeuza maandishi kuwa namba, maandishi yaleyale hutoa namba ileile), namba inayotoka nagawanya kwa 100 naangalia baki. 0 mpaka 49 kundi A, 50 mpaka 99 kundi B. Hii naipenda sana, maana mteja yuleyule akirudi mara ngapi sijui anaangukia palepale, na jaribio lijalo likiwa na jina lingine kura inachanganyika upya.

Kama sistimu yako inagawa yenyewe, sawa tu, ila hatua ya kwanza kabisa baada ya kugawa iwe kuandika kundi kwenye profaili ya mteja. Zipo sistimu ambazo mtu akiingia tena anapigiwa kura upya, Jumatatu kapata ofa A, Alhamisi kapata B, sasa huyo utamhesabu wapi?

Halafu angalia idadi kabla ya matokeo. Kwenye watu 10,000 nusu kwa nusu, 5,050 kwa 4,950 ni kawaida, lakini 5,200 kwa 4,800 kuna kitu kimeharibika, simamisha utafute.

Na listi ndogo haitakusaidia. Kama wanaonunua ni 5% na unataka kuona ikipanda mpaka 6%, andaa kama watu 8,000 kila kundi, na usikatize mapema eti A inaongoza.

Kwenye imeili usitegemee waliofungua, kufungua huhesabiwa kwa picha ndogo iliyofichwa ndani ya imeili ikipakuliwa, na toka 2021 Apple Mail inaweza kuipakua yenyewe hata mtu hajasoma. Hesabu waliobofya au walionunua, na ugawanye kwa wote uliowapangia kundi, hata wale ambao hawakugusa meseji kabisa.