Bonaire, si Cozumel

Umeuliza uende kuzamia wapi Septemba, Bonaire au Cozumel, visiwa viwili vya Karibi, kimoja cha Uholanzi na kingine cha Meksiko. Kwa likizo ya kutokimbizana na ratiba, Bonaire. Cozumel ni pazuri sana, ila kule karibu kila mbizi ni ya boti na mkondo unakubeba, na wewe umesema hutaki kuamshwa na mtu ili uwahi boti. Bonaire unakodi pikapu, unapakia mitungi ya hewa, unafuata barabara ya pwani ya magharibi ukitazama mawe ya njano yaliyoandikwa majina ya sehemu za kuzamia. Moja ikijaa magari, sogea mbele. Matumbawe yanaanza karibu kabisa na nchi kavu. Bahari inayozunguka kisiwa ni hifadhi tangu 1979, kwa hiyo lipa ada kwanza, na glavu acha nyumbani, haziruhusiwi.

Kuhusu vimbunga vya Septemba: kisiwa kiko kusini, jirani na Venezuela, vingi hupita kaskazini yake. Si kinga kamili lakini. Mwaka 1999 kimbunga Lenny kilipita mbali na bado mawimbi yake yaliharibu matumbawe ya kina kifupi.

Beba viatu vya soli ngumu, sehemu kubwa ya ufukwe ni mawe. Siku ya kuondoka usizame. Acha angalau saa 18 kabla ya ndege.