Maswali na Majibu: Kani ya Umeme na Kani ya Mvutano ndani ya Atomu

Swali la mtihani lilikuwa hili: katika atomu ya haidrojeni, kani ya umeme inazidi ya mvutano mara ngapi?

Takriban mara 2.3×10³⁹. Kwa umbali wa mita 5.3×10⁻¹¹ kati ya protoni na elektroni, kanuni ya Coulomb (ya kani ya umeme) inatoa nyutoni 8.2×10⁻⁸, na ile ya Newton (ya mvutano) nyutoni 3.6×10⁻⁴⁷ tu. Aliyepata 10¹⁷ ameacha alama ya kutoa kwenye kipeo cha G, namba isiyobadilika ya kanuni ya mvutano, na kosa hilo peke yake hupunguza uwiano mara 10²². Kwa maoni yangu, mwanafunzi asiruhusiwe kushika kikokotoo kabla hajajumlisha vipeo kwa mkono.

Mbona swali la mtihani halikutaja umbali?

Kwa sababu hauhitajiki. Kani zote mbili hupungua kwa mraba wa umbali, kwa hiyo umbali hujifuta unapogawanya. Nimeulizwa jambo hili mara nyingi mno. Andikeni kanuni zote mbili kwa herufi kabla ya kuingiza tarakimu, nanyi mtaliona wenyewe.

Kama mvutano ni dhaifu hivyo, kwa nini ndio unaoushikilia Mwezi?

Chaji ni za aina mbili, na katika kitu kikubwa kama Dunia chanya na hasi karibu zote hubatilishana, ilhali tungamo halina hasi, hivyo kila chembe huongeza mvutano wake juu ya ule wa nyingine. Hata hivyo, msikariri kwamba umeme ni wa vitu vidogo na mvutano ni wa vikubwa: mbao za kiti ulichokalia zimeshikana kwa kani za umeme, nazo hazivunjiki ingawa Dunia nzima inakuvuta chini.

Je, mvutano ndio unaozuia protoni za kiini zisitawanyike?

Hapana. Protoni mbili zilizoachana kwa mita 10⁻¹⁵ husukumana kwa nyutoni 230, zaidi ya uzito wa ndoo ya lita 20 iliyojaa maji, na mvutano wao haufiki hata nyutoni 10⁻³³. Kinachozishikilia ni kani kali ya nyuklia, ambayo haifiki mbali nje ya kiini.

Na nyutroni mbili, je, husukumana kwa umeme?

Hazina chaji, kanuni ya Coulomb inatoa sifuri.

Chembe mbili zenye chaji ya elektroni zingehitaji tungamo gani ili kani hizo zilingane?

Hili ndilo swali bora la safari hii. Sawazisha ke² na Gm² (k ni namba isiyobadilika ya kanuni ya Coulomb, e ni chaji ya elektroni, m ni tungamo), nawe utapata kilo 1.86×10⁻⁹ kwa kila chembe, yaani karibu mikrogramu mbili, tungamo linalozidi la protoni kwa zaidi ya mara 10¹⁸.